Kushika Lori

Mtu asikudanganye kwamba sisi waendesha baiskeli wa Rumonge tunaijua barabara ya kupanda Bururi. Tunaijua kutoka nyuma ya lori. Unapakia madumu ya mawese pale sokoni, unasubiri lori lililojaa mpaka linatambaa, unashika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono mwingine, nalo linakuvuta mpaka kwenye baridi ya juu. Miguu haina kazi. Kwa hiyo asubuhi ile ya mbio za miguu za kupanda mlima huo, niliposimama mstari wa mbele na namba kifuani nikijigamba kwamba kila kona naijua, watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Lakini mimi sikuja kucheka. Klabu moja ya riadha ya Bujumbura ilikuwa imeahidi kumchukua mtu wa kwanza kutoka Rumonge. Si mshindi wa mbio nzima, maana ushindi ule ulikuwa wa vijana wa milimani, wanaokwenda kuchota maji kwenye miteremko ambayo mimi hata kuiangalia naogopa. Wa kwanza kati yetu sisi wa ziwani. Angepata malazi, chakula, viatu, mwalimu, na kazi ndogo ya kumwezesha kutunza familia. Kwangu mimi yote hayo yalikuwa na maana moja tu: kutoshika lori tena.

Mke wangu Tahira alikuwa ameshasema neno lake. Kaka yake, Faridi, alikufa msimu wa mvua uliopita akiwa ameshika lori, amebanwa kati ya bodi na ukuta wa mwamba, kwenye kona ya mwisho kabla mlima haujalegea. Mimi ndiye niliyempelekea habari. Tangu siku ile, kila nikitoka na baiskeli, alikuwa halali wala hali mpaka nirudi.

"Baba Kaoutar," aliniambia wiki ya mbio, "kimbia, ushinde, ushindwe, hiyo iko juu yako. Lakini nikisikia umeshika lori tena, mimi na mutoto tunarudi kwa baba."

Tahira anauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Bei yake akishaitaja haishushi hata ukilia, na wateja wake wote wanalijua hilo. Nikaapa.

Mpinzani wangu alikuwa Zabroni, na hapo ndipo palipouma, kwa sababu Zabroni ndiye mwenzangu wa kazi. Alizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na wazazi wake akiwa kijana, na mpaka leo anaongea Kiswahili kama mtangazaji wa redio. Tunapanda pamoja kila mara. Kazi yetu ina sheria yake: lori likibadilisha gia kwenye kona kali hurudi nyuma kidogo, na mkia wake huegemea mwamba. Aliyeshika upande wa ndani hana pa kwenda. Kwa hiyo aliyeshika upande wa nje hupiga bodi kwa ngumi mara mbili, pu, pu, dereva ajue kuna watu nyuma na akanyage breki. Siku ya Faridi, upande wa nje hakukuwa na mtu. Baada ya msiba tukapatana na Zabroni: yeye ndani, mimi nje, na hakuna anayepanda peke yake.

Filimbi ikalia. Nikaondoka kwa kasi ya kijinga, kama kawaida ya mtu aliyezoea tambarare. Mashamba ya michikichi yalikuwa hayajaisha na tayari kifua kilikuwa kinawaka. Zabroni alikuwa begani kwangu, anapumua taratibu.

"Pole pole, Ayubu. Mlima bado haujaanza."

"Usinifundishe. Hii barabara iko yangu."

"Ni ya malori," akasema. "Sisi tunaazima tu."

Ningecheka kama ningekuwa na pumzi ya kuchekea. Vijana wa milimani walikuwa wameshatuacha, hata migongo yao hatuioni. Nyuma yetu watu wa Rumonge walianza kutembea, mmoja mmoja, wengine wameshika viuno. Tulibaki wawili. Wanawake waliokuwa wanapanda na mizigo walisogea pembeni wakatuambia "Komera, komera", jikazeni, kwa sauti ya kumpa mtu pole.

Ndipo nikaujua mlima. Kipande ambacho nyuma ya lori nakimaliza nikiwa bado nabishana na Zabroni kuhusu mpira, sasa kilikuwa hakiishi. Kona moja inazaa nyingine. Mapaja yalianza kutetemeka, mate yakawa mazito, na ziwa huko chini likapotea kwenye ukungu. Zabroni akanipita. Hakuniangalia, akapita tu, hatua fupi fupi, na mimi nikamchukia. Nasema kweli, nilimchukia kwa moyo wote. Hana mke, hana mtoto, klabu ya nini? Nikamwomba Mungu apate kichomi.

Hakupata kichomi, lakini alianza kuyumba. Nikaona kichwa chake kinalala upande mmoja, kisha upande wa pili, na mikono yake inaning'inia. Umbali kati yetu ukapungua. Nikajiambia, kona ya mwisho nampita, baada ya pale mlima unalegea na hanipati tena.

Tulikuwa tunaikaribia kona hiyo niliposikia lori.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa magari, lakini lori moja la saruji lilikuwa limeharibika katikati ya mlima tangu jana yake, na aliyefunga barabara huko chini hakulifikiria. Fundi alikuwa amemaliza, dereva akawasha, akapanda. Likanipita likiunguruma, moshi mweusi usoni, polepole kiasi kwamba ningeweza kusoma kila kitu kilichoandikwa ubavuni. Sikulitazama. Likamfikia Zabroni, naye alikuwa anakimbia upande wa ndani, karibu na mwamba, kama alivyozoea.

Mkono wake ukanyanyuka. Sidhani aliuamuru. Mkono wa mtu wa kazi yetu ukichoka na chuma kikapita karibu, unashika, ndivyo tulivyouzoeza miaka yote. Ukashika chuma cha nyuma, na lori likaanza kumvuta, miguu ikiburuta lami nusu, nusu ikikimbia.

Nilifurahi. Hilo ndilo lililonijia kwanza. Ameshika gari, ametoka kwenye mbio, mimi ni wa kwanza wa Rumonge. Nikamwona Tahira analala usingizi.

Kisha nikaiona kona.

"Zabroni, achia!" Ngurumo ya injini ikaimeza sauti yangu. "Achia!"

Hakugeuka. Shingo ilikuwa imelegea, macho ameyafumba. Lori lilikuwa limeanza kukata kona, mkia unasogea kwenye mwamba, na injini ikashuka sauti, ile sauti ya dereva anayejiandaa kubadilisha gia. Nikalikimbilia. Sijui miguu ile niliitoa wapi, maana kwenye mbio sikuwa nayo. Nikafika nyuma ya lori upande wa nje, nikanyoosha mkono kupiga bodi, bodi ikanikimbia. Bila kushika nisingefika.

Nikashika.

Chuma kilikuwa cha moto. Nikajivuta na kupiga kwa mkono mwingine, pu, pu, na tena, pu, pu, mpaka ngozi ikatoka kwenye vifundo. Lori likaanza kurudi. Nikaona bega la Zabroni linagusa mwamba, nikaona shati lake linakunjika, na mimi nikaendelea kupiga na kupiga.

Breki zikalia. Lori likasimama.

Nikamchomoa Zabroni kutoka pale kama gunia. Alikaa chini kwenye lami akitazama mkono wake uliochubuka. "Nilishika?" akaniuliza. "Ayubu, nilishika?" Akaanza kulia, mtu mzima, na mimi nikakaa karibu naye.

Msimamizi wa mbio akatoka kwenye ukungu na pikipiki. Alikuwa ametuona wote wawili kwenye chuma.

"Musiyo, bwana, sikia kwanza," nikamwambia. "Huyu alikuwa anakufa."

"Nimeona. Lakini sheria iko sheria. Mwenye ameshika gari ametoka. Wote wawili, toeni namba."

Tulikuwa tunazitoa pini wakati Karoli, kinyozi wa stendi ya Rumonge, alipotupita akitembea huku anachechemea. Akatuangalia, akaangalia lori, kisha akakumbuka kuanza kukimbia. Yeye ndiye aliyechukuliwa na klabu.

Simu ya dereva ndiyo niliyoiazima. Lakini huko kwetu habari haingoji mtu apige. Tahira alipokea kabla haijalia vizuri.

"Wanasema umeshika lori."

"Nimeshika."

Nilisikia kelele za soko nyuma yake, mtu anauliza bei ya ndagala, hajibiwi.

"Kona gani?"

"Ya Faridi."

"Nani alikuwa upande wa ndani?"

"Zabroni. Alikuwa hajitambui."

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Mukono tu ndiyo imechubuka."

Nikamsikia anapumua, kisha nikajua analia. Dereva alinionyesha kwa kidole kwamba muda wake wa maongezi unaisha, nikampa mgongo.

"Kaka yangu alikosa mutu wa inje," akasema mwishowe. "Rudi nyumbani."

"Nitatafuta gari ya kushuka..."

"Baba Kaoutar. Rudi na miguu."

Nikamrudishia dereva simu yake, nikamwinua Zabroni, tukaanza kuteremka. Baadaye barabara ilifunguliwa, na malori yalipoanza kupita tulisogea pembeni tukayaacha yapite.