Chini ya Sifuri

Nilimwona mume wangu akikitikisa kile kifaa chake cha kupimia moshi, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wenzake kazini. Alikuwa amesimama nje, juu ya ngazi ya zege inayopanda kwetu ghorofani. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha muda si mrefu, na mwanga wa kioo chake kidogo ulimmulika kidevu. Alikitikisa, akakitazama, akakiweka juu ya ukuta wa ngazi kwa uangalifu kama mtu anayeweka yai. Kisha akageuka taratibu, akautazama mlango wetu. Mimi nilikuwa hapo mlangoni. Nimemwona mtu huyu akimzika baba yake, lakini uso ule sikuwa nimeuona.

Punde tu kabla ya hapo, uso huohuo ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa kichwa changu. Tulihamia juu ya duka la dobi kwa sababu palikuwa na chumba cha ziada upande wa nyuma, chenye dirisha moja na nafasi ya kutosha cherehani yangu na meza ya kukatia vitambaa. Chini yetu walifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Maji yao yalichemshwa na boila ya gesi, na bomba lake la moshi lilipita ndani ya ukuta wetu hadi paani. Niliupenda ukuta ule. Ulikuwa na joto, na siku za baridi niliuegemea nikipinda pindo za nguo.

Maumivu yalianza polepole. Kwanza kichwa kilibana kama kofia ndogo, baadaye kikawa kama mtu anagonga misumari kutokea ndani. Nikaanza kukosea vipimo. Nilimshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Nikawa mkali kwa binti yetu, tuliyemwita Kifungo kwa jinsi alivyopenda kuchezea mkebe wangu wa vifungo. Mume wangu akirudi jioni alikuta jiko limepoa na mimi nimelala kifudifudi. Zahanati walinipima damu, wakanipima macho, wakanipa vidonge.

Kilichoniponza ni Jumapili. Jumapili dobi walifunga, boila ikazimwa, na mimi nikawa mzima. Hayo nayaunganisha sasa. Wakati ule tulichokiona sote ni kwamba mume wangu akishinda nyumbani, ugonjwa haupo.

"Kichwa chako kinajua kalenda," aliniambia. "Jumapili kinafunga kama ofisi ya serikali."

Tulicheka wote wawili. Baadaye akawa anayasema hayohayo bila kucheka.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akinipikia uji. Lakini siku moja aliniwekea bakuli mezani, akaketi, akasema, "Mwanangu, kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hakuna atakayekula nyama yako."

"Mama, si kazi," nilimjibu. "Ni kile chumba. Nikitoka nje napata nafuu."

Maneno hayo yakamfikia mume wangu, yakamchoma. Yeye alikuwa fundi wa kupima moshi wa maboila viwandani. Hewa ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Mke wake kusema kuna hewa mbaya ndani ya nyumba yake ilikuwa kama kumwambia mwokaji kwamba mkate wake ni mbichi.

Basi siku moja ya mvua alirudi mapema, ameshika begi gumu la kifaa chake. Kifungo hakuwa ameenda shule kwa sababu ya mafua. Alikuwa amelala tangu asubuhi kwenye mkeka nyuma ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa. Mume wangu akamwita mama yake mzazi aje ashuhudie.

Akafungua begi kwenye meza yangu ya kukatia. Akaunga mpira kwenye kile kijiti cha chuma kinachovuta hewa, akakagua chujio, akaangalia kikombe kidogo kinachokusanya maji kama kimekauka, akabonyeza. Pampu ikaanza kuvuma.

"Sasa kinajipima chenyewe," alimweleza mama yake. "Kinavuta hewa, kinaiandika kuwa sifuri. Halafu chochote kitakachozidi hapo, tutakiona."

Kazini alikuwa akikiwasha nje, kwenye hewa safi, ndipo aingie nacho ndani. Siku ile nje kulikuwa kunamwagika, na kifaa kilikuwa cha kampuni. Nilimwona akitupa jicho dirishani. Lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua.

Akakipitisha kijiti juu karibu na dari, chini sakafuni, kwenye pembe, kando ya ukuta wangu wa joto. Kila mahali akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Sifuri. Sifuri.

"Umeona, mama Kifungo?" alisema. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza.

Nikasema, "Basi labda ni mimi."

Niliyasema kwa dhati. Mama mkwe akanipapasa bega. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo kisha akafunikwa kwa huruma, na nikaanza hata kuomba radhi kwa jinsi nilivyowasumbua.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mume wangu hakuliruka kamwe. Hakuwahi kukizima kifaa kabla hakijavuta hewa safi ya kutosha kujisafisha. Baada ya hapo humwaga maji ya kikombe, hufuta kijiti, huviringisha mpira usipate mkunjo, ndipo hukilaza begini. Mvua ilikuwa imekatika. Akatoka nacho ngazini.

Kioo kikaandika mia na themanini, na mbele yake kistari kidogo cha kutoa.

Kifaa kilikuwa kimeambiwa kwamba hewa ya chumba changu ndiyo usafi wenyewe. Kilipofika nje kikakuta hewa iliyo safi zaidi, na tofauti yake ilikuwa ile sumu ya moshi isiyo na harufu tuliyokuwa tumesimama ndani yake tukihukumiana.

Hakupaza sauti. Alisema, "Mtoto yuko wapi?"

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mkono wa Kifungo, nilivyouinua ukaanguka wenyewe. Nakumbuka kioo cha dirisha kikipasuka kwa pasi yangu ya mkaa aliyoirusha baba yake. Nakumbuka mama mkwe, mtu wa magoti mabovu, akinipokonya mtoto na kushuka naye ngazi kama msichana. Pale chini, kwenye lami iliyolowa, Kifungo alitapika, kisha akalia. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama kilio kile.

Alipona. Walipoubomoa ukuta walikuta bomba limeliwa na kutu, tundu la kuingia ngumi, pale hasa nilipokuwa nikiegemea. Tulihama. Bado naishi na mume wangu. Aliniomba msamaha mara nyingi kuliko nilivyohitaji, na kuna siku nilimsamehe kweli. Lakini sentensi yangu mwenyewe, ile ya labda ni mimi, hainitoki. Huwa nikiikumbuka naacha kushona.

Siku ile hospitali walituketisha kwenye benchi refu, barakoa za hewa usoni. Mume wangu alikuwa ameingia kule chini akaizima boila na kuwatoa wapiga pasi wote, nao waliletwa. Mmoja alishikilia miwani mipya mapajani. Alikuwa ameinunua akidhani ni macho. Kando yangu aliketi mwanamke wa makamo, mikono imeungua pembeni kwa pasi za miaka. Aliniangalia, akaishusha barakoa kidogo.

"Na wewe kichwa, mdogo wangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kinauma vipi?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na mama yake. Nilivuta pumzi, nikaanza kumweleza.