Hewa ya Pipa la Kwete

Mwaka 1973 gesi ya maabara iliisha katika shule ya sekondari alikofundisha Kavira, karibu na Mvara. Duka la mjini Arua lililokuwa likileta mitungi lilikuwa limefungwa tangu mwenye duka alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, na hakuna aliyejua mtungi mwingine ungetoka wapi. Kavira, Mkongomani wa Butembo, mbishi tangu utotoni, hakukubali kufundisha kemia kwa chaki peke yake.

Jirani yake alikuwa Celestina, mama mkimbizi kutoka Yei, Sudan, aliyepika kwete, pombe ya mahindi, nyuma ya nyumba. Jioni moja Kavira alishusha njiti ya kiberiti ndani ya pipa la pombe iliyokuwa ikichacha. Moto ukazimika kabla haujagusa povu.

"Pombe yangu iko na laana?" Celestina akauliza.

"Hapana, mama. Inatoa hewa ya ukaa, ile tunayotoa sisi tukipumua. Nataka kuigeuza iwe gesi ya kuwaka."

Celestina akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kitu inazima moto, wewe unataka iwashe moto! Mwalimu, wewe iko mutu ya ajabu." Hata hivyo akampa pipa moja.

Kavira alijifunza chuoni kwamba hewa hiyo ikichanganywa na hidrojeni, kisha ikapitishwa juu ya nikeli yenye joto kali, hugeuka methani. Nikeli yenyewe haiishi. Hukutanisha tu, kama mshenga. Alichovya vipande vya tofali katika chumvi ya nikeli iliyobaki stoo, akavichoma, akavishindilia ndani ya bomba la chuma juu ya jiko la mkaa. Hidrojeni aliipata kwa kumwagia asidi ya betri ya gari maganda ya zinki ya betri za tochi. Mwisho wa bomba aliweka chupa ya soda kali, inyonye hewa ya ukaa ambayo haikugeuka.

Siku ya kujaribu, wanafunzi walijazana madirishani. Kavira akawasha kiberiti na moto ukasimama kwenye mdomo wa bomba. Vifijo! Mwalimu mkuu, Bwana Igga, akamshika mkono na kusema atawaita wakubwa wa wilaya waje kuona.

Lakini gesi ilinuka yai viza. Kavira aliuinamishia moto chupa kavu, akatia maji ya chokaa ndani yake, akatikisa. Methani ikiungua huacha hewa ya ukaa, na maji yale yangegeuka meupe kama maziwa. Yalibaki maangavu. Angeweza kunyamaza; watu walikuwa wanashangilia moto, si chupa.

"Hii ni hidrojeni tu inayowaka," alisema. "Hatujageuza kitu."

Bwana Igga aliondoka. Wanafunzi wakatawanyika. Celestina, aliyekuwa amekuja kutazama, ndiye aliyekasirika.

"Moto ni moto! Kwa nini unajiharibia jina?"

"Watoto hawa watanisadiki maisha yao yote, mama. Siwezi kuwadanganya."

Kavira alilala vibaya siku kadhaa, akiiwaza ile harufu. Ilikuwa salfa, na salfa hung'ang'ania nikeli mpaka isifanye kazi tena. Akajaza kopo vumbi la chuma chenye kutu ili gesi ipite humo kwanza na kuiacha salfa, kisha akatengeneza nikeli mpya.

Wakati huo amani ilikuwa imerudi Sudan na malori yalikuwa yakiwarudisha wakimbizi kwao. Celestina aliambiwa ataondoka Jumamosi. Ijumaa mchana Kavira alimwita maabara, wawili peke yao. Harufu haikuwapo. Moto uliowaka ulikuwa mdogo, wa buluu. Kavira akatikisa maji ya chokaa na yakaanza kuingia ukungu, halafu yakawa maziwa matupu.

Celestina akapiga vigelegele hadi mpishi wa shule akaja mbio. Kisha akalitazama jiko. "Mkaa yote hii, kwa moto ya kidole kimoja?"

"Ndiyo, mama. Hata chai haichemki." Kavira alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. "Lakini imegeuka."

Kesho yake alimsindikiza mpaka Koboko, ambako malori yalisimama kujipanga kabla ya mpaka. Walikaa kivulini mwa lori wakila karanga za kuchemsha. Celestina alisema hajui kama nyumba yake ya Yei ingali na paa. Kavira naye, kwa mara ya kwanza, akamsimulia habari za Butembo: mlango wa buluu wa mama yake, baridi ya asubuhi, na ndugu aliowaacha bila kuaga.

"Nenda uwaone," Celestina akamwambia. "Mimi naogopa, na naenda."

Injini ziliponguruma walikumbatiana. Kavira alipunga mkono mpaka vumbi likalimeza lori, akatafuta gari la kurudi Arua. Njia nzima alikuwa akihesabu kichwani likizo ya Agosti itaanza lini.