Mtoto Haji kwa Kontena

Mimba ya tatu ilimkuta Swalha Guangzhou, katikati ya kununua mashati ya duka lao la Kariakoo. Alimwambia mumewe, Abdulwakil, wakiwa kwenye mkahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina, akajiandaa kufokewa, kwa kuwa walishakubaliana kwamba kipato chao kinalea watoto wawili tu.

Abdulwakil hakufoka. Alitoa kalkuleta, kama anavyofanya mbele ya kila mzigo. Akaingiza maziwa, nguo, matibabu na ada ya shule. Kisha akaongeza nauli ya meli, ushuru na hasara ya njiani.

"Baba Kazija, unamtoza mwanao ushuru?" Swalha alimuuliza. "Huyu haji kwa kontena. Namleta mwenyewe, na maziwa yake ninayo."

Abdulwakil aliitazama kalkuleta, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alifuta mambo yote ya bandarini. Kilichobaki, duka lilikuwa likikiingiza kila mwezi na ziada juu yake.

"Basi tunamudu," alisema. "Kula, mama, tambi zinapoa."

Swalha, ambaye tangu asubuhi hakuweza kumeza kitu, alimaliza bakuli lake, akavuta na la mumewe.