Oili ya Baba, Oili ya Mjomba

Fidelis aliuza dawa, na siku nzima dukani kazi yake ilikuwa kukataza watu kuchanganya. Usimeze hii na ile, mama. Maliza hii kwanza, hiyo nyingine iache. Akimpata mbishi hamwachii dawa mpaka aape. Basi lishike hilo vizuri, maana mtu mwenyewe ndiye huyu huyu.

Alikuwa anamposa Winfrida, binti anayenunua karoti na njegere milimani na kuziuza sokoni Morogoro, na alimpenda kweli, hilo tusimnyime. Ila posa ilikuwa imekwama kati ya wazee wawili. Baba wa binti, Mzee Yakobo, dereva mstaafu wa malori, alikaa Kilakala. Mjomba wake, Mzee Bonifasi, alilima kabichi huko juu Mgeta na kuzishusha mjini kwa pikapu yake. Na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba hata akikubali kwa kinywa kipana, mjomba akinuna, ndoa hakuna. Wazee hawa walikuwa hawaivi tangu Winfrida yuko mgongoni, na hakuna aliyekumbuka vizuri walichogombania. Fidelis akaona njia ni moja tu, kumkubalia kila mmoja. Baba akisema mvua inakuja, ndiyo baba. Mjomba akisema haiji, ndiyo mjomba.

Sasa gari lake dogo la otomatiki, alilolinunua mkononi kwa mtu, likafikia wakati wa kubadilishwa oili ya giaboksi. Fundi Innocent alimwambia aina inayotakiwa, naye akaenda dukani akainunua hiyo hiyo, galoni zima, akaliweka kwenye buti. Hapo mambo yalikuwa yamekwisha, ingekuwa ni mtu mwingine.

Lakini Mzee Yakobo alisikia. Akaja na galoni lake la oili nyekundu, akaeleza kirefu jinsi ilivyompandisha mlima wa Kitonga na shehena bila gari kukohoa. Kesho yake Mzee Bonifasi, ameshusha kabichi, akapita dukani kwa Fidelis na galoni lake, nyekundu vilevile ila aina nyingine, akasema akisikia imetiwa ya mtu mwingine atajua amedharauliwa. Fidelis angeweza kusema ahsanteni wazee wangu, ninayo. Kusema hivyo kunamchosha nani? Alipokea kwa mikono miwili, mara zote mbili, akashukuru mpaka akapitiliza.

Kisha akaenda gereji akaagiza itiwe nusu ya hii na nusu ya ile. Innocent alimuuliza kama anaumwa. Fidelis akajibu, kwani zote si nyekundu, kuna tatizo gani? Muuza dawa huyo anasema hivyo, jamani. Gari likatiwa mchanganyiko, na mwenyewe akalala usingizi mnono akijiona mpatanishi.

Likaanza kushtuka kila gia ilipobadilika, akasema ni barabara. Likaanza kutetemeka kwenye mataa, akasema ni mafuta ya siku hizi. Jumamosi ikafika, siku ya ukoo kukaa Mgeta na kutoa jibu la posa. Mzee Bonifasi alikuwa mjini na pikapu yake imelala gereji, kwa hiyo Fidelis akajitolea kuwapakia wote, baba mbele, mjomba nyuma na Winfrida. Njia nzima hadi Mlali Mzee Yakobo alisifia gari linavyoteleza, akimkonyeza dereva, maana alijua ni oili yake. Nyuma Mzee Bonifasi akacheka kimoyomoyo, maana alijua ni yake. Fidelis akamtabasamia huyu, akamtabasamia yule kwenye kioo.

Baada ya Mlali mlima ukaanza. Kwenye kona ya pili kali injini ikanguruma, gari likagoma, harufu ya kuungua ikajaa humo ndani, na taratibu wakaanza kurudi nyuma. Fidelis akavuta breki ya mkono. Wote wakashuka. Mzee Yakobo akatafuta jiwe la kuzuia tairi, Mzee Bonifasi akafungua buti atafute kamba, akatoka na galoni ambalo hata kifuniko chake hakijaguswa.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mjomba. Ndiyo aliyosema fundi."

"Na iliyomo kwenye gari?" akauliza Mzee Yakobo.

Kwa mara ya kwanza tangu posa ianze, Fidelis akakosa namna ya kuwafurahisha wote wawili. "Nusu ya kwako, baba. Nusu ya mjomba."

Wazee wakatazamana. Mzee Bonifasi ndiye aliyeanza kucheka, Mzee Yakobo akafuatia, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Halafu wakaanza kuteremka kwa miguu kurudi Mlali kutafuta gari la kuvuta, wakiitana shemeji, jambo ambalo Winfrida hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Walikuwa wanakubaliana, kwa sauti isiyojali nani anasikia, kwamba kijana huyu hafai kupewa mtoto wa watu.

Fidelis alijaribu kutania kwamba angalau amewapatanisha. Winfrida hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, galoni lipo mapajani.

"Wazee siwaogopi," alisema. "Hasira zao nitazishusha mwenyewe. Ila hii ulikuwa nayo siku zote?"

"Nilikuwa nayo. Sikutaka kuwaudhi."

Winfrida akainuka, akalirudisha galoni lilipokuwa, akafunga buti polepole.

"Na mimi ungeniweka humo humo, Fidelis. Ili wasiudhike."

Alimtazama akingoja abishe. Angebisha kidogo tu, Winfrida angerudi kukaa pale jiweni wakangoja pamoja. Naye Fidelis, ulimi umeshazoea, akamwitikia kwa upole wote aliojaliwa, "Ndiyo, Winfrida."