Maziwa ya Mwezi wa Nane

...na kama ni kusogea basi wasogee wengine, yeye hapa alipo habanduki, kwa sababu amelisikia lile joto, lile vuguvugu linaloshuka bila hodi, pedi mbili alizopachika alfajiri kule Urambo na kipande cha kanga kuukuu juu yake, vyote vimeshindwa kazi, jamani mwili huu nao, ungengoja basi afike kwa daktari, si ndiko anakopelekwa, umebakiza nini hata ushindwe kuvumilia... Asnath akabana magoti. Benchi la hospitali refu, la mbao, limepakwa rangi ya bluu, na utaratibu wake ni mmoja tangu asubuhi, anayeitwa anaingia, waliobaki wanasogea kuelekea mlangoni, makalio yanafuatana, sogea, sogea, na sasa mbele yake pana nafasi tupu ya mtu mmoja, kila mtu anaiona, na akisogea tu, hapa alipokaa patabaki wazi, pamelowa, na rangi ya bluu haifichi kitu. Mbona wasipake nyeusi? Aliyechagua bluu ni mwanaume, hilo halina ubishi.

"Dada, sogea tusipitwe," mwanamke mmoja wa kule nyuma, mwenye mtoto mapajani, alisema kwa upole tu.

"Anapumzika kidogo," Mayo akamjibu, Mayo Marcelina, mama mkwe wake, aliyekaa katikati yao na kapu lake miguuni, "tumetoka Urambo, gari limetutikisa mpaka meno," kisha akaendelea na habari zake za mvua, maana Mayo akipata mtu wa kuzungumza naye hata njaa haisikii, mvua ya kwanza imetudanganya, ikanyesha siku moja ikaenda zake, miche iko kitaluni inatuangalia... na Asnath anasikia nusu, nusu nyingine anapanga atakachosema humo ndani, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu Mayo amesema tangu juzi, tunaingia wote, siwezi kukaa nje kama mlinzi, na mbele ya Mayo hilo neno atalitoa wapi. Atasema kizunguzungu. Atasema tumbaku. Ndiyo, tena tumbaku, na daktari atampa vidonge vya kuongeza damu kama walivyompa kule zahanati mwaka hadi mwaka, na atarudi navyo nyumbani akiongeza damu huku, na kule inamwagika, kujaza ndoo iliyotoboka, na safari nzima itakuwa imekwenda bure.

Tumbaku ilimwokoa mwanzoni, hilo hawezi kukataa. Kwao kote nani asiyejua kwamba ukichuma jani bichi lina umande linakulevya, kichwa kinazunguka, unatapika, unapewa maziwa unaambiwa kalale? Basi mwaka wa kwanza wa ndoa, siku zake zilipomwangusha kati ya mistari ya shamba na mumewe Ezekia akatupa fungu la majani akaja mbio, yeye akasema tumbaku imenilevya, na Ezekia akaamini, na Mayo akaleta kikombe cha maziwa, akasimama pale mpaka kikaisha. Uongo mzuri ule. Ukishautumia mara moja unaumaliziaje? Akautumia alipoanguka jikoni, akautumia alipokosa ibada, kwaya nzima ya Moravian imesimama mbele imevaa sare nyeupe na yeye yuko nyumbani amekalia gunia, tumbaku, tumbaku, maana angewaambia nini, kwamba analala juu ya nailoni kama mtoto mchanga, kwamba yanatoka mabonge, kwamba tangu azaliwe Julieth hakuna mwingine, na midomo ya watu iko tayari, mwanamke wa damu kama ile ana kizazi gani, Ezekia atafute mwingine... Ezekia hajasema hivyo. Ezekia husema pumzika. Lakini Mayo je, Mayo akijua?

Nesi Adelina wa kule zahanati ndiye aliyeharibu mpango, tena kwa swali dogo tu. Asnath alikuwa ameshafungua mdomo kusema tumbaku, nesi akauliza, na siku zako zikoje, mama, na machozi yakaja kabla ya jibu. Adelina akafunga mlango. Hii si kawaida, akasema, wala si laana, na ina tiba, nenda Tabora kwa daktari wa wanawake, watakupiga utrasaundi waone kuna nini, wengine hupewa vidonge vya kupunguza damu yenyewe, wengine huwekewa kitanzi chenye dawa, wengine hukutwa na uvimbe ukatolewa. Na kizazi? Watakitoa? Nani kakwambia, Adelina akasema, huko hawaanzi na hilo, lakini uwaambie ukweli, ukiwaambia kizunguzungu watatibu kizunguzungu... uwaambie ukweli. Rahisi kusema mlango ukiwa umefungwa.

"Na mgonjwa wenu anasumbuliwa na nini?" yule mwanamke wa nyuma anauliza, na Asnath akahisi masikio yanawaka.

"Huyu? Tumbaku," Mayo akasema. "Inamlevya."

"Tumbaku! Mwezi huu? Si ndio kwanza miche iko kitaluni? Na sisi Sikonge tunalima, mama."

"Ya kwake inamlevya mwaka mzima," Mayo akasema, sauti kavu kabisa, haina hata mkunjo, kisha akarudi kwenye mvua.

Mwaka mzima... Asnath aliacha kupanga maneno. Mwaka mzima, kasema, na mara akauona mwezi wa nane, ule aliozimia kisimani, vumbi tupu, mabani ya kukaushia yamefungwa, tumbaku yote imeshauzwa, hakuna jani hata moja bichi kijiji kizima, na wanawake wamemzunguka na ndoo zao wakiuliza kapatwa na nini, na Mayo akaja akikokota kandambili akawaambia tumbaku hiyo, mpisheni, akawatazama mmoja mmoja mpaka wakajitwika maji yao wakaondoka. Na jioni akaleta maziwa. Maziwa ya nini mwezi wa nane? Na yeye mjinga akayanywa, akajisifu moyoni kwamba kamdanganya mtu mzima! Na zile kanga... kila gulio Mayo akimletea kanga ni ya rangi iliyokoza, damu ya mzee, zambarau, nyeusi, na mke wa shemeji yake analetewa nyeupe za maua, na yeye akalia kwa ajili ya kanga zile, akadhani hapendwi. Miaka yote hiyo amekuwa akijificha nyuma ya mtu aliyekuwa amemshikia pazia. Ee Mungu wangu. Alijua. Alikuwa anangoja nani aseme kwanza? Akatamani kucheka, akatamani kumkasirikia pia, mngeniambia basi, mayo, ningekuja huku zamani, lakini na yeye alisema lini, walikuwa wawili wamekaa juu ya neno moja, kila mtu akimwonea mwenzake haya.

Mkono ukamgusa kiunoni. "Sogea, mwanangu."

"Mayo, nime..."

"Najua. Sogea tu."

Akasogea. Hakugeuka kuangalia alikotoka, na kabla mtu mwingine hajaangalia, Mayo alikwisha kujisogeza pale pale, akakaa, akapafunika pote kwa kitenge chake cha safari, kile kizuri cha kwendea sikukuu, akavuta kapu karibu, akamwambia mwanamke wa Sikonge kwamba mvua ya mwaka juzi nayo ilianza hivi hivi. Mlango wa daktari bado umefungwa. Yule aliyeitwa bado yuko ndani. Damu nayo haijakoma, anaisikia, lakini humo ndani wataingia wawili na hatasema kizunguzungu, atasema, daktari, siku zangu zinanimaliza, nimekuja nitibiwe, na akikwama njiani kuna mtu wa kumalizia.