Rundo la Mikono ya Kulia

Hakuna kitu kilichomkera binti kifungua mimba wa fundi cherehani kama kuingia kwenye karakana ya mama yake asubuhi na kumkuta wifi yake keshaanza kazi. Si kwamba yeye alichelewa. Alifika kwa wakati kama watu wote wenye akili timamu. Lakini mke wa kaka yake, ambaye wateja walimbandika jina la Mashine, alikuwa keshafagia, keshajaza uzi kwenye bobini zote za siku nzima, na simu yake keshaitia kwenye kopo la vifungo mpaka saa ya chakula. Kola, kazi inayochosha kuliko zote, alizishona kwanza, akili ikiwa bado mbichi. Kupiga pasi aliacha hadi alasiri, macho yakianza kulegea.

"Mwige wifi yako," mama alikuwa akisema, tena mbele ya wateja. "Mtoto huyu ana utaratibu."

Mtoto huyu! Binti alijifunza kusimama akishikilia miguu ya cherehani ile ile. Alipiga soga akishona, ndiyo, na simu aliiweka pajani, lakini nguo zake nani aliwahi kuzirudisha? Sasa macho ya mama yalikuwa yanaishiwa nguvu, na baada ya kumaliza oda ya sare za walinzi angemwachia mmoja wao meza ya kukatia. Anayekata ndiye mkubwa wa karakana. Wengine hushona alichokata yeye. Binti akijiwazia anasubiri vipande kutoka mkononi mwa Mashine, alisukuma kikombe cha chai pembeni. Meza ile aliitaka. Zaidi ya meza, alitaka mama amtazame yeye kwa jicho lile alilomtazamia Mashine.

Basi akaamua kumwiga, kwa roho mbaya kabisa. Siku ya kukata sare alidamka mapema, akafungua karakana, akafagia, akaitupa simu koponi kwa hasira mpaka vifungo vikaruka. Kisha akapanga kitambaa cha kaki tabaka juu ya tabaka, akachora kwa chaki, akakata mikono ya mashati yote kwa mkupuo mmoja. Ikamwingia raha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi.

"Leo atanikoma," akajisemea.

Mashine alipofika alisimama mezani, akageuza kipande kimoja, akageuza kingine.

"Wifi," akasema taratibu, "kitambaa ulikikunja?"

Binti akainama kutazama. Kaki ile ilikuwa na uso na mgongo. Mashine, kila mama alipompa kitambaa akate, alikilaza uso kwa uso, hivyo kila mkato ulitoa mkono wa kulia na wa kushoto. Yeye alikuwa ametandaza matabaka yote yakitazama juu. Mbele yake palikuwa na rundo la mikono ya kulia ya kuwatosha walinzi wote, na wa kushoto hata wa dawa haukuwepo. Na kaki ya mikono aliyoleta mteja ilikuwa imekwisha.

Mama akaingia. Akapapasa rundo.

"Nani kakata?"

"Ni mimi, mama," Mashine akadakia. "Nisamehe. Nilikuwa na haraka."

Binti akangoja kelele. Yeye alipoharibu suruali moja tu ya bwana harusi, alisemwa mpaka akatamani ardhi immeze. Lakini mama alimshika Mashine begani.

"Usijali, mwanangu. Nitazungumza na mteja."

Mwanangu! Kosa ni lake yeye, na neno lile ni lake yeye, halafu vyote viwili kavichukua mwenzake! Angenyamaza, pengine meza ingekuwa yake. Wivu haukumpa nafasi ya kupiga hesabu hiyo.

"Mwongo huyo! Nimekata mimi! Mimi, mama!"

"Najua," mama akasema. "Huyu hakati bila kukunja. Nilikuwa nasubiri useme." Akavua mkanda wa kupimia shingoni, akamvisha Mashine. "Meza ni yake. Nawe simama naye hapo, akufundishe."

Binti akameza machozi, akamtazama wifi yake akitafuta angalau kicheko cha ushindi apate sababu ya kumchukia vizuri. Hakukiona. Mashine alisogea tu kumpisha, akamwachia nafasi ya kutosha, wala si ndogo wala si ya kujionyesha. Hata kusogea, mwanamke yule alijua kusogea.