Daftari la Salamu

Duka letu la mashuka na mapazia lina daftari lisilohesabu kitu. Jalada lake ni gumu, la bluu, kona zimelika, na limefungwa kamba kwenye mguu wa kaunta kama mbuzi ili lisitembee. Ndani yake mna watu. Mzee aliyefungua duka, baba yake Madam, mwenye duka wa sasa, ndiye aliyeanza kuliandika: mteja ni nani, na nyumbani kwake yuko nani. Dereva wa gari la taka: mama mzazi, macho yanamsumbua. Mwalimu wa hesabu: mume, na mama mkwe (usimtaje mama mkwe kwanza). Basi mteja akishika mfuko wake atoke, unamtupia salamu za kupeleka: msalimie mama, macho yanaendeleaje?

Mzee alifanya hivyo kwa sababu alipenda kuongea na watu. Hata mimi napenda, sikatai. Nifungie kwenye chumba kitupu, jioni utanikuta najua ukuta upi hauongei na mwenzake. Lakini Mzee alipofariki, Madam alilichukua daftari akaligeuza amri.

"Mpenzi," aliniambia. Madam humwita kila mtu mpenzi, hata akiwa anamfokea. "Mashuka yanauzwa mtaa mzima. Sisi tunauza kukumbukwa."

Akatunga sheria ya msimu. Wiki mbili kabla ya sikukuu, hakuna mteja kutoka bila salamu tatu: ya kwanza mlangoni, ya pili wakati unafunga mzigo, na ya tatu ni ile ya daftari, mtu wa nyumbani atajwe kwa jina lake. Na tabasamu juu. Yeye mwenyewe anasimama nyuma yako akisikiliza.

Sasa hesabu mwenyewe. Watu mia mbili kwa siku, siku nyingine mia tatu, kila mmoja salamu tatu, na kipaza sauti mlangoni kinaimba wimbo uleule tangu asubuhi. Kufika siku ya tisa mashavu yalikuwa yanauma kama nimepigwa makofi. Miguu ilivimba, nikawa navaa ndala chini ya kaunta. Kinywa kikawa kinazunguka chenyewe kama pangaboi la darini. Binti yangu aliniomba chumvi mezani, nikampa, nikamwambia, "Asante, karibu tena." Alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ng'ambo ya barabara, mlango wa kutazamana na wetu, kuna kibanda cha Fundi Viatu. Mkewe tulimwita Mama Pacha, na ndiye aliyeniingiza dukani. Miaka sita iliyopita mume wangu alifunga begi akasema amepata kazi mji mwingine, na hiyo kazi ikammeza mzimamzima mpaka leo. Mama Pacha alinishika mkono, akanivusha barabara, akanisimamisha mbele ya Mzee. "Huyu ana mdomo lakini hana kazi," akasema. "Wewe una kazi, na mdomo mmoja haukutoshi. Malizaneni." Tangu siku hiyo yeye ni dada, na Fundi ni shemeji.

Dada alikufa wiki tano kabla ya sikukuu. Nilikuwepo. Nilikaa jikoni kwake siku tatu na wanawake wenzangu, nikaosha masufuria mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Siku ya kuzika, mimi ndiye niliyemvalisha Fundi koti, maana alikuwa anautafuta mkono wa koti na hauoni.

Nalisema hili mapema ili usije ukadhani sikujua.

Zilibaki siku tatu kufika sikukuu. Saa tano asubuhi, foleni imefika mlangoni. Mama mmoja ananibishia kwamba pazia alilopima jana limepungua usiku. Mwenzangu wa kaunta, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, anatafuta mkasi alioushika mkononi. Foleni ikasogea, akasimama Fundi.

"Shemeji, nipatie shuka."

"Saizi?"

"Tatu na nusu kwa sita."

Nikageuka, nikashusha. "Rangi?"

"Yoyote."

Nikakunja, nikatia kwenye mfuko, nikafunga utepe, nikampa. Salamu ya pili, ya heri ya sikukuu, nikaitoa hapohapo. Madam alikuwa mgongoni kwangu, nasikia marashi yake. Mkono wa kushoto ukafunua daftari, kidole kikashuka, kikapata mstari, na kinywa kikafunguka kwa ile sauti tamu ya msimu:

"Mama Pacha msalimie sana, shemeji! Mwambie ule mgongo tunauombea!"

Na tabasamu juu.

Mama wa pazia aliziba mdomo kwa kiganja. Kipaza sauti peke yake ndicho kilichoendelea kuimba, hakina aibu kile. Fundi alinitazama, wala si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, kageuka, hakuona mtu.

"Zitafika," akasema.

Nadhani kinywa chake nacho kilijisemea chenyewe, kwani miaka yote jibu lake lilikuwa hilohilo. Kisha akaurudisha mfuko juu ya kaunta polepole, kama umebeba mayai, akatoka.

"Anayefuata, mpenzi," Madam akasema.

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa na habari hiyo kwa namna tatu.

"Wanasema ulimcheka," Redio akaninong'oneza.

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Watu ni wewe."

"Mimi nilimwambia mtu mmoja tu, dada. Tena nilikutetea."

Madam aliniita stoo, katikati ya maboksi. Akanipa kalamu nyekundu. "Lilikuwa kosa letu sote, hatukulisafisha daftari. Kata hilo jina. Kesho tunampelekea kikadi cha pole chenye nembo ya duka."

"Nembo ya nini tena?" Redio akaingia, hakuna aliyemwita. "Madam, usinikasirikie. Muuza shuka auze shuka, aseme asante, anyamaze. Mambo ya nani yuko nyumbani na nani hayuko ni ya majirani."

"Na sisi ni nani, kama si majirani?" Madam akauliza. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze nilimwona naye amechoka, wanja umemshuka upande mmoja. "Baba yangu alikuwa duka au jirani?"

"Baba yako alikuwa anasalimia watu kumi kwa siku."

Madam akaufuta ule wanja kwa kidole, akarudi dukani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya boksi la foronya, chai yangu imepoa, kalamu mkononi. Nililifungua daftari mapajani, nikaweka ncha kwenye jina, na mkono ukagoma.

Kazi sikuiogopea. Madam hafukuzi mtu katikati ya msimu, atauza na nani? Nilichoogopa ni hiki: katika mtaa huu mzima nyumba ninayoingia bila kubisha ni ile moja tu. Nikishikwa na homa, uji ulikuwa unatoka kule. Binti yangu alijifunza kutembea kwenye ukumbi wa kule. Dada amekwisha kwenda, aliyebaki kuufungua ule mlango ni Fundi. Akiufunga, basi nimefungiwa na wote wawili, na ufunguo nimeuvunja kwa mdomo wangu.

Saa nane nilipata nusu saa yangu ya kula. Nikachukua ule mfuko wa shuka. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia haya: nilifungua kamba, nikalitia daftari kwapani. Nilitaka nimwonyeshe ushahidi. Aone kwamba si mimi niliyesema, ni maandishi.

Kibanda chake kilinuka gundi na ngozi. Viatu vya sikukuu vimerundikana mpaka mlangoni, kila jozi imefungwa kwa kamba zake. Alikuwa anashona soli, kichwa chini. Kabla sijafungua mdomo, mwanamume mmoja akaingia kuchukua viatu vyake. Akavipokea, akatabasamu, akaanza, "Haya Fundi, heri ya si..." Akakumbuka. Akaumeza mwisho wake, akatazama viatu, akasema, "Pole," akaondoka karibu anakimbia.

"Umeona?" Fundi akasema bila kuinua kichwa. "Tangu asubuhi nina nusu salamu kumi na nne. Huyo ni wa kumi na tano. Kaa, shemeji. Usisimame kama mdai."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, kile chenye mguu mfupi.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi. Si mimi, ni daftari. Nimechoka, sijui hata nasema nini, Madam yuko nyuma, jina limeandikwa, nikasoma tu. Hebu tazama mwenyewe." Nikamwekea daftari kwenye magoti, juu ya soli na uzi.

Akaweka sindano kando. Akafuta vidole kwenye aproni. "Kwa hiyo ni daftari lililokuja kuosha masufuria kwangu?"

Nikaokota uzi uliodondoka. Na wewe ungesema nini?

"Iliniuma," akasema. "Nisikudanganye. Nilifika hapa nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikampa mteja atunge. Lakini jina lake si baya kulisikia. Wengine wote wananiambia marehemu, marehemu, kama nilioa mtu anaitwa Marehemu. Wewe angalau salamu yako ilikuwa nzima."

"Basi unanisamehe?"

"Ngoja. Sijamaliza." Akanigeukia. "Kilichoniuma ni shuka."

"Shuka?"

"Nimekuwa nikinunua kwenu sita kwa sita miaka ishirini na moja. Leo nimekuja nimesema tatu na nusu. Wewe, shemeji, unayemuuliza hata paka kalala wapi! Siku mbili nzima nilikuwa najiandaa. Nikasema, nikifika pale ataniuliza, shemeji, kitanda kikubwa kimeenda wapi? Na jibu nikalitafuta, nikalipanga. Nikaja nalo mpaka kaunta." Akapiga-piga ubao wa meza kwa kidole. "Ukaniuliza rangi."

Jamani. Nimesemwa mengi katika maisha yangu. Mbea, mdomo wazi, mama taarifa. Sijawahi kuambiwa kwamba kosa langu ni kutouliza. Nilitamani nilie, na machozi yenyewe yalikuwa yamechoka, hayakuja.

"Shemeji," nikasema mwisho, "kitanda kikubwa kimeenda wapi?"

Gari likapita nje, viatu vikatikisika kwenye rafu.

"Kipo," akasema. "Sikilali. Nimevuta kile kidogo walichoacha pacha, nimekiweka ukumbini."

"Kwa nini?"

"Asubuhi upande wangu umevurugika, wake umetandikwa. Kila asubuhi." Akashika tena soli, akaiacha. "Lile jibu nililopanga lilikuwa jingine. Nilipanga kukuambia eti kunguni."

Nikacheka. Ilinitoka tu, kicheko kibovu cha puani. Naye mdomo ukamvutika upande, si sana.

Akalivuta daftari karibu na mwanga. Mstari wake ulikuwa mrefu, mwanzo kwa mwandiko wa Mzee, mwisho kwa wangu. Akausoma kwa sauti ya chini. "Fundi Viatu. Mke, Mama Pacha. Anapenda kijani, njano usimwonyeshe. Atapunguziwa bei, ila ajidai kwanza hataki." Hapo akatikisa kichwa. "Pacha wameanza shule. Pacha wamemaliza shule. Pacha wako mbali, usiulize mara mbili. Mgongo unamsumbua."

"Madam anataka nimkate," nikasema, nikamtolea ile kalamu nyekundu. "Nimeshindwa. Labda ukate wewe."

Aliishika kalamu kama anavyoshika sindano, kwa vidole vitatu. Nikatazama pembeni, kwenye ukuta, kwenye picha ya kalenda ya mwaka uliopita. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Aliponirudishia daftari, jina la dada lilikuwa palepale, halijaguswa. Chini yake, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika namba za viatu tu, aliongeza: FUNDI MWENYEWE. KITANDA KIDOGO. AULIZWE.

Nusu saa ilikuwa imekwisha na sijala kitu. Ng'ambo, Madam alisimama mlangoni akinipungia mkono wa njoo, njoo, foleni inamzunguka. Nikainuka, magoti yakalia. Nikamwachia mfuko wake wa shuka juu ya meza, na alipouvuta kwake, akaufungua, akachungulia, nikajua kesho naweza kwenda kule na sufuria langu bila kubisha.

"Kijani," akasema.

"Nilishusha bila kuangalia."

"Najua."

Nikafika mlangoni, nikageuka. Mashavu yalikuwa yananiuma, sikujaribu kutabasamu. "Ukifika nyumbani, nisalimie Fundi."

Akafikiri. "Yule amechoka na salamu," akasema. "Lakini zitafika."

Nikavuka barabara. Nikapiga magoti chini ya kaunta, nikalifunga daftari kwenye mguu wake, mafundo mawili.

"Umemkata?" Madam akauliza.

"Mwenyewe amekataa."

Akatazama ule mwandiko mwekundu, akausoma, akaurudia. Nilingoja neno mpenzi na yale yafuatayo. Badala yake akasogea, akaenda mlangoni, akapunguza sauti ya kile kipaza sauti, akavuta kigoda akakaa, mbali na mgongo wangu.

Nikavaa ndala zangu. Mbele yangu alikuwa amesimama dereva wa gari la taka, yule ambaye mama yake macho yanamsumbua, kashika pazia moja, jeusi, zito. Miaka yote hununua mepesi.

"La chumba cha nani hili?" nikamuuliza.

Akaliweka juu ya kaunta, akashusha pumzi. "Una dakika?"

Sikuwa nayo. Foleni ilifika nje.

"Sema," nikamwambia.